Mkanda Kwanza, Rimu Baadaye

Baada ya darsa ya akina mama ya Jumatano, mama mmoja alibaki nyuma mpaka wenziwe wakatoka. Akanisogelea, akaweka mkoba wake juu ya dawati, akasema, "Sheikh, nina shauri la mwanangu. Si la miraa wala si la wanawake. Ni la gari."

Nikamwambia aketi anieleze. Mwanawe ana umri wa miaka 26, anafanya kazi bandarini, amekwisha kuposa, na arusi imeahirishwa mara mbili. Mshahara huingia mwisho wa mwezi, na haijafika tarehe kumi umekwisha kumezwa na Subaru Impreza ya mwaka 2002 aliyoinunua kwa mkono wa tatu. Kila Ijumaa baada ya isha hurudi nayo ikinguruma, mpaka mzee wa nyumba ya pili, ambaye ni mgonjwa wa moyo, amemtuma mjukuu wake kuja kulalamika. "Wewe atakusikia," mama akaniambia. "Mwambie aiuze."

Haya ikanishika. Mama yule alikuwa amepita kando ya gari langu alipokuwa akiingia madrasani, na hakulitambua kwa kuwa limefunikwa turubai. Chini ya turubai ile mna Impreza WRX ya mwaka 2001, ya rangi ya buluu iliyokwisha kufifia, niliyo nayo tangu mwaka 2014. Kumwamrisha kijana auze yake hali yangu nimeifunika vizuri isiingie vumbi, nisingeweza. Nilimwahidi mambo mawili: kwamba nitaiona gari ya mwanawe kwa macho yangu, na kwamba nitaandika katika ukurasa huu, kwa ajili yake na kina mama wenziwe, yale ambayo ahali yangu alinifunza mimi kwa gharama kubwa.

Yafaa kwanza niseme kwa nini watu huyapenda magari haya, kwani mke au mama asiyeijua sababu hudhani ni wazimu mtupu, na ugomvi huanzia hapo. Sisi tuliozaliwa pwani hii mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikua na Safari Rally masikioni mwetu. Mbio zile zilianza mwaka 1953, na katika utoto wetu zilishindwa kwa magari yaliyofanana na ya karani au mwalimu mkuu: Peugeot 504 na Datsun. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Tulikuwa tukizisikiliza kwa redio ya marehemu ami yangu, na kila mtoto mtaani alikuwa na Datsun yake ya waya na visoda.

Kisha ikaja zamu ya Subaru. Impreza ilitolewa Japani mwaka 1992, na haikukawia kushinda Safari mara mbili: kwa mkono wa Colin McRae mwaka 1997, na wa Richard Burns mwaka 2000. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru naye alikuwa akiendesha Subaru katika mbio hizo, na hilo lilitosha kuwafanya vijana wengi wa nchi hii waione gari ile kuwa ni yao. Ajabu yake ni kuwa ni saluni ya milango minne. Hubeba mke, watoto watatu na kapu la samaki kutoka sokoni, na juu ya boneti yake mna tundu la kuvutia hewa kama pua ya farasi. Mtu mwenye familia hujiambia kwamba amenunua gari la familia, na hasemi uwongo mtupu.

Injini yake pia si kama za wengine. Magari mengi pistoni zake hupanda na kushuka wima. Za Subaru zimelazwa ubavu, mbili upande huu na mbili upande wa pili, zikielekeana mfano wa mabondia wawili, na kwa hivyo uzito wa injini hukaa chini na gari hutulia kwenye kona. Mabomba yanayotoa moshi katika pande hizo mbili hayalingani urefu, basi moshi huifikia turbo kwa vishindo visivyopishana sawasawa. Huo ndio ule mngurumo wa kudundadunda ambao vijana huufuata umbali wa mitaa mitatu. Ni umbile la injini, aliumba mhandisi wala si fundi wa mtaani, na husikika vyema kabisa hali sailensa ipo mahali pake. Ninalitaja sasa kwa sababu nitalirejea.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Nilipoinunua gari ile, kilomita zake zilikuwa zimepita 140,000. Ndani ya injini yake mna mkanda wa mpira wenye meno, uitwao mkanda wa taimingi, ambao kazi yake ni kuhakikisha kwamba valvu hufunguka na kufungika kwa saa yake, zisikutane na pistoni. Mkanda huo una ajali yake. Kwa injini hizi desturi ni kuubadilisha kila kilomita 100,000, pamoja na rola zinazouongoza, kikazio chake na pampu ya maji inayozungushwa nao. Mafundi wa Japani waubadilishapo hubandika kikaratasi ndani ya boneti chenye tarehe na idadi ya kilomita. Kwangu kikaratasi hakikuwapo. Muuzaji alinambia mkanda ulibadilishwa, nami, kwa kuwa nilitaka kumsadiki, nikamsadiki.

Moyo wangu haukutulia, hata hivyo, na Ramadhani ya mwaka 2015 nilimwambia ahali yangu kwamba tutenge fedha za mkanda. Tukazitenga. Kabla ya Idi nikapita dukani nikaona rimu nne za shaba iliyong'arishwa, za kutoka Japani, zilizotumika kidogo. Nikajiambia kuwa mkanda haujalalamika, na rimu hizi kesho hazitakuwapo. Nyumbani nilisema tu kwamba gari "limetengenezwa." Neno lile halikuwa uwongo kwa herufi zake.

Mwezi wa Disemba tukaondoka kwenda Nairobi kwenye arusi ya mpwa wangu, mimi, ahali yangu na binti zetu wawili. Adhuhuri tuliswali Mackinnon Road, katika msikiti ule ulio kando ya barabara ambapo wasafiri wengi wa Kiislamu husimama. Tukaendelea. Kilomita chache mbele tukalikuta lori lililobeba makontena, likienda polepole, nami nikawasha taa ya kulia ili nilipite. Kabla sijaukata usukani, injini ikazima. Haikupiga kelele wala haikutoa moshi. Ilizima mfano wa taa. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, nikaukokota gari mpaka kwenye changarawe, na hatujasimama barabara basi la abiria likapita upande ule wa pili, upande ambao sisi tungekuwapo, kwa mwendo wake wote.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha ahali yangu akauliza, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Babake watoto, ule mkanda wa Ramadhani, ulifungwa?"

Dereva mmoja wa pikapu alituvuta mpaka msikitini. Tulikaa pale hadi magharibi tukingoja gari la kutubeba, na watu wa pale wakatupa mkeka na chai. Binti zangu walikwenda arusini kwa basi pamoja na mama yao. Mimi nilirudi Mombasa juu ya lori, nikikaa karibu na zile rimu zinazong'ara.

Fundi alipofungua alinionyesha rola moja ambayo beringi yake ilikuwa imekwama. Mkanda ulisuguana nayo ukayeyuka, ukakatika, na pistoni zikazigonga valvu zilizo wazi. Valvu 11 kati ya 16 zilikuwa zimepinda. Gari ilikaa juu ya mawe miezi mitano. Rimu niliziuza kwa hasara, na thamani yake haikufika hata nusu ya gharama ya silinda hedi mbili.

Ahali yangu hakunigombeza. Alichofanya ni kununua daftari la kurasa 96 na kuliweka kwenye droo ya jikoni. Kila mwezi, baada ya chakula, kodi ya nyumba, karo na haki za wazee, kinachobaki hutolewa fungu la gari, na fungu hilo huandikwa humo. Ukurasa wa kulia ameuita "Ya lazima," wa kushoto "Ya kupendeza." Hakuna shilingi inayoingia kushoto hali kulia kuna deni. Na kila kipuri kinachobadilishwa, kile kikuukuu huja nyumbani ndani ya mfuko akione. Mafundi mwanzoni walicheka. Walikuwa wakimjibu mimi hata swali likiulizwa naye. Hawacheki tena. Fundi anayejua kwamba kipuri cha zamani kitadaiwa hufanya kazi yake kwa uangalifu zaidi, na ushauri huu nawapa wote, hata wenye Toyota zao tulivu.

Basi ni yepi yaliyo upande wa kulia? Mkanda nimekwisha kuusema. Wa pili ni oili. Injini hii huchukua oili ya zaidi ya lita nne, na ikiwa na umri hunywa kidogo kidogo bila kutoa ishara. Taa nyekundu ya oili ikiwaka huwa ni taarifa ya msiba, si onyo. Kwetu binti yangu mdogo hupima kila Ijumaa asubuhi kabla injini haijawashwa, gari likiwa limesimama pahala sawasawa: huchomoa kijiti, hukifuta, hukirudisha, hukichomoa tena, na hutazama kama oili ipo kati ya alama mbili. Haichukui dakika mbili. Oili ikipungua, beringi zinazoshika mikono ya pistoni hukaukiwa, na hapo utasikia kugonga kwa ndani, kama mtu anayebisha mlango wa chini. Mbisho huo ukisikika, injini imekwisha. Mimi hubadilisha oili kila kilomita 5,000. Wako wanaosema inaweza kwenda mbali zaidi, na huenda wana haki kwa magari yao. Turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika ikitegemea oili hiyo hiyo, na sioni faida ya kuifanyia ubahili. Kwa sababu hiyo pia, nikitoka safari ya barabara kuu siizimi papo hapo. Huiacha ikinguruma polepole dakika moja au mbili, nami nikisoma nyiradi zangu.

Matairi yana jambo lake ambalo wake wengi hawakuambiwa. Impreza ya turbo huendeshwa na magurudumu yote manne, na kati ya mbele na nyuma mna gia inayogawa nguvu. Tairi mbili zikiwa mpya na mbili zimekwisha, mzunguko wake hautofautiani kwa macho, ila gia ile huutambua, hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye njia iliyonyooka, na mwisho wake huungua. Kwa hivyo matairi hununuliwa manne pamoja, ya aina moja na ukubwa mmoja. Mume akikwambia kwamba anahitaji manne na si mawili, katika hili anasema kweli. Lakini mwambie akuonyeshe ubavu wa tairi, mahali palipoandikwa DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kuundwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na likawa na umri wa kuanza shule.

Breki ni katika hayo hayo. Mbali na pedi na diski, kuna mafuta ya breki ambayo kwa umbile lake hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani tunaijua. Mafuta yaliyolowa huchemka upesi breki zikipata moto, na kikanyagio huzama sakafuni mteremko wa kwanza. Hubadilishwa kila miaka miwili, na bei yake ni ndogo kuliko ya kibandiko cha kioo cha mbele. Kisha kutu: magari haya huoza kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwa ndani, na chumvi ya bahari huharakisha. Aliyepeleka familia ufukweni Nyali au Diani na aoshe chini ya gari kwa maji baridi usiku ule ule.

Mambo haya hayaonekani na hayasikiki. Hakuna rafiki atakayekusifu kwa mafuta mapya ya breki. Ndiyo maana fedha huteleza upande wa kushoto.

Upande wa kushoto nao, nisije nikaonekana mnafiki, si wa haramu. Mimi nimeufurahia. Nimefunga pedi za breki bora kuliko za asili na mabomba ya breki yaliyosukwa kwa chuma. Nimebadilisha shokomzoba zote nne, na usukani wa mbao niliupata kwa bahati. Taa za mbele za mtindo ule wa macho ya duara zilikuwa zimekuwa manjano, nikazisugua kwa msasa wa maji Jumamosi mbili mpaka zikarudi kung'aa, kazi ambayo vitabu vya nahau havijawahi kunipa raha yake. Kuibadilisha gari ukiyajua unayoyafanya ni namna ya kuielewa.

Lakini kuna mabadiliko ambayo mama akiyaona ana haki ya kuuliza. La kwanza ni la sailensa. Nimekwisha kusema kwamba mdundo wa Subaru ni wa kuzaliwa nao. Kuikata sailensa hakuongezi mdundo, huongeza kelele tu, na mara nyingi fundi hung'oa pamoja nayo kichujio cha moshi, ambacho kina madini ya thamani ndani yake, akakiuza yeye. Kijana hulipa ili aibiwe. Nchi ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na jirani naye ana haki yake ambayo haikungoja mwaka huo.

La pili ni ile valvu inayotoa sauti ya "pshhh" kila gia ikibadilishwa. Injini hizi zina kipimo kinachohesabu hewa inayoingia, na kompyuta hutoa petroli kwa hesabu hiyo. Valvu ile humwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli ikabaki bila mwenzake, injini ikatoa moshi mweusi kwa sekunde moja. Unanunua sauti kwa kuidanganya injini.

La tatu ndilo linaloua: kuongeza shinikizo la turbo. Kijana hununua kifaa kidogo, hukifunga mwenyewe kwa kanuni alizoziona kwenye simu, na hewa inayoingia kwenye silinda huongezeka. Ikiongezeka bila petroli ya kulingana nayo, au kwa petroli ya okteni ndogo kuliko ile ambayo Wajapani waliikusudia, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kingo za pistoni huvunjika. Kumbuka pia kwamba rejeta ya hewa imekaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti. Kwenye barabara ya baridi hupata upepo. Kwenye foleni ya daraja la Nyali saa nane mchana hupikwa kutoka chini. Kazi hii hufanyika kwa usalama mahali penye vipimo na fundi aliyesomea, tena baada ya kuthibitisha kwamba injini ni nzima, na gharama yake si ya mshahara mmoja.

La nne ni kuishusha gari. Wenye uwezo hununua springi maalumu. Wasio nao hukata zile za asili kwa msumeno, na springi iliyokatwa inaweza kuchomoka kiti chake gari likirushwa na tuta. Hata iliyoshushwa vizuri, nitakuambia mahali pa kuijaribu: ngalawani Likoni, maji yakiwa yamekupwa na ngazi ya feri imeinama. Nimemwona kijana mmoja ameziba njia pale, bampa lake la mbele limenasa, na feri nzima ya watu waliochoka ikimtazama.

Sheria nayo ina neno. Ukibadilisha injini au rangi, kitabu cha gari lazima kibadilishwe kwa NTSA. Na bima ilitolewa kwa gari lililoelezwa kwenye fomu; ulilolibadilisha bila kuwaambia wanaweza kulikataa siku ya ajali. Lililo kubwa zaidi ni kwamba magari haya hayaji tena. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, basi Impreza za zama hizi zilizomo nchini ndizo hizo hizo, zikipita kutoka mkono hadi mkono, na kila anayekata cha asili hukipunguza kwa wote. Vitu vya asili vikitolewa, viwekwe.

Jumamosi baada ya alasiri kijana wa yule mama alikuja kwangu, kwa adabu, akaegesha mbali kidogo ili nisikie kidogo. Alidhani anakuja kuwaidhiwa. Alipoona turubai inafunuliwa alisimama mdomo wazi, kisha akaizunguka gari yangu mara mbili bila kuigusa. Tukafungua boneti zote mbili.

Oili yake ilikuwa chini ya alama ya chini. Matairi yalikuwa ya aina tatu, moja limeundwa mwaka ambao yeye alikuwa darasa la nane. Pedi za mbele zilikuwa zimebaki upana wa sarafu. Na nyumbani, ndani ya sanduku ambalo hakulifungua bado, alikuwa na kifaa cha kuongezea shinikizo la turbo, alichokinunua kwa fedha ya mwezi uliopita, akikusudia kukifunga wiki hii.

"Lakini Maalim," akanambia, "yangu haijapata kunizimikia hata siku moja."

"Hata yangu haikupata," nikamjibu, na nikamsimulia Mackinnon Road.

Kisha tukatafuta kikaratasi. Tulikipata, kimefifia, upande wa kushoto karibu na mnara wa shokomzoba, kwa maandishi ya Kijapani ila tarakimu ni tarakimu: 98,000. Akaenda mwenyewe kwenye dashibodi kusoma. Ilikuwa 213,000. Alirudi polepole akiipiga hesabu ile kwa vidole, ijapokuwa hakuihitaji vidole, na hakusema kitu mpaka tukafunga boneti. Gari hatukuiwasha tena. Ilirudi kwao ikivutwa.

Kifaa cha turbo amekwisha kumrudishia muuzaji, kwa kukatwa kidogo, na kwa fedha hiyo amenunua mkanda, rola, kikazio na pampu ya maji. Sailensa ya asili ilikuwa chini ya kitanda chake muda wote huu, imefungwa gazeti, ameshaifunga gari. Matairi yatangoja fungu la mwezi ujao, na mpaka hapo kazini atakwenda kwa matatu. Mkanda utafungwa Jumamosi hii insha Allah, na mama ameniambia kwa simu kwamba atakuja mwenyewe, na mfuko wake, kuuchukua ule wa zamani.